Kwa Nini Naondoka Mvua Ikikaribia

Wakesho mwanangu,

Najua umenikasirikia. Nyanya yako amenipigia akasema ulikataa kuongea na mimi, ukajifanya unatafuta mbuzi ambao tayari walikuwa zizini. Sikulaumu. Nilikuacha hapo Rukanga jua likiwaka, hakuna hata tone, nikaja Voi kukaa karibu na hospitali. Kwa mtoto wa gredi ya tatu hilo haliingii akilini. Kwa hivyo nimekuandikia. Soma polepole, na ukimaliza mpe nyanya awasomee akina mama wa kanisa, maana si mimi peke yangu ninayeishi kwa mashine, na si wewe peke yako unayeachwa.

Unakumbuka mchezo wetu wa nyuki? Ulikuwa mdogo. Uliweka sikio kwenye mkono wangu wa kushoto, pale madaktari waliponiunganisha mishipa kwa ajili ya mashine, ukashtuka. "Mama, umemeza nyuki." Nikakueleza ni damu inakimbia. Tangu hapo kila asubuhi kabla ya chai unasikiliza, halafu unasema, "Yuko." Nilipomsimulia nesi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Huyo mtoto msimzuie," akasema. "Siku akikosa kusikia kitu, mshipa umeziba; usingoje siku yako ya kuja. Nipigie hapo hapo."

Figo zangu hazifanyi kazi tena, ndiyo sababu naenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nikikosa, maji yanabaki mwilini na pumzi inakata. Hayo uliyaona mwenyewe mvua iliyopita.

Kijiji kizima kilikuwa kimeingoja mvua hiyo. Kanisani watu walisimama wakaiomba, wewe ukanivuta leso. "Mama, mbona hukusema amina?" Nikakwambia koo limekauka. Ukweli nilikuwa nawaza lile korongo la barabarani, ambalo likijaa hakuna gari linalopita. Mtu wa Rukanga kuogopa mvua, nani angenielewa?

Ikanyesha. Nesi alikuwa ametutumia ujumbe sisi tunaokaa mbali: njooni leo, msingoje siku yenu. Lakini stima ilikuwa imepotea na mtandao ukapotea nayo. Ujumbe uliingia kesho yake, korongo limeshajaa.

Siku yangu ya mashine ikapita, nikaanza kuvimba, ndipo majirani wakaanza kuja. Kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Mama Mshai alikuwa wa kwanza, na kikapu chake: ndizi mbivu, maparachichi ya Bura, supu ya mifupa iliyokolea chumvi, na uji wa kutosha watu wanne. Upendo mtupu, na ungeweza kuniua. Chumvi na uji vinazidisha maji. Ndizi na parachichi zina kitu ambacho figo zangu haziwezi kukitoa, na kikizidi kwenye damu moyo unasimama. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, sina pumzi ya kueleza chochote. Wewe ukasimama mlangoni.

"Mama hali ndizi."

"Nani amekuuliza?" Mama Mshai akasema. "Asipokula nguvu atatoa wapi?"

"Mletee wali mtupu, usio na chumvi. Ndizi nitakula mimi."

"Haya, sikieni daktari wa Rukanga. Kumbe anatamani ndizi za mgonjwa."

Nyanya aliona aibu, akanyoosha mikono apokee kikapu, kwa sababu kukirudisha ni kama kumtukana mtu. Hukumpisha. Ulileta kile kikombe kidogo ninachopimia maji ukamwonyesha Mama Mshai. "Anakunywa hiki tu. Akisikia kiu anasukutua, anatema."

Akakiangalia kikombe. Halafu akaiangalia miguu yangu ilivyovimba. Sauti ikashuka. "Dada, anayosema mtoto ni kweli?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaweka kikapu nje, akaenda kumtuma mumewe kwa dereva wa trekta la shamba la mkonge, akarudi na wali mtupu usio na chumvi. Maji yalipopungua kidogo nikavushwa juu ya trekta hilo, Mama Mshai amenishika upande huu, nyanya upande ule. Wewe ulibaki ng'ambo na shangazi yako, umeshika kiatu changu kilichoanguka. Hukulia. Ningependa ungelia.

Baada ya hapo nesi alisema tusitegemee simu peke yake. Mlima wa Kasigau ukianza kufunikwa na mawingu mazito, nichukue mkoba wangu wa dawa na kadi ya hospitali, nitoke kabla ya maji. Ndivyo nilivyofanya safari hii, ingawa huko chini kwetu jua lilikuwa bado linawaka. Ningekuaga vizuri zaidi, lakini gari lilikuwa linapiga honi.

Hapa Voi nalala kwa Mama Akinyi, ambaye mumewe anafanya kazi reli. Ananipikia samaki bila chumvi, na kila siku analalamika kwamba hiyo ni kuwakosea samaki. Nachoka, mwanangu. Nachoka na sindano, na kiu, na kutazama mawingu kama mtu anayedaiwa. Nikitoka kwenye mashine natembea kama nimelima tangu alfajiri. Lakini natembea. Leo nesi ameniambia damu yangu imekaa vizuri kuliko mwezi uliopita, na Mama Akinyi amesema shule iko karibu, na kitanda changu kinatosha wawili. Nyanya bado hajakubali uje kukaa nami huku. Muhula ukiisha tutakaa naye tuzungumze, sisi watatu.

Mwambie Mama Mshai namsalimia. Wali wake ninauwaza mpaka leo.

Na ukisikia mvua inapiga mabati, usikae dirishani kuwaza korongo. Jifunike ulale. Mimi nimeshavuka.

Ni mimi,
mama yako