Kibali cha Mgonjwa Mmoja

3 Februari

Mdogo wangu,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaiandika. Hujambo? Kile kifua kimepona? Sisi tupo, ila figo za mama zimegoma kabisa. Wodini kwangu wapo wagonjwa kumi na wanne wa kusafishwa damu, na wiki iliyopita pampu ya mtambo wa maji ilikufa. Bila maji safi, mashine zetu ni mapambo. Tunabangaiza na mtambo mdogo wa akiba, kila mgonjwa mara moja kwa wiki badala ya tatu. Mama amevimba miguu, siku hizi anavaa viatu vya marehemu baba, na bado anawatania wauguzi wenzangu. Pampu huku haipatikani. Wewe ni mhandisi na uko nje. Hangaika, mdogo wangu.

Msalimie na huyo anayefungua barua zetu.

Dada yako

20 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imechukua wiki sita. Mimi mzima wa mwili tu. Niliisomea ofisini, ikabidi nitoke nikasimame kwenye ngazi. Pampu hiyo iko kwenye orodha ya bidhaa zilizozuiwa kuingia kwenu, ukurasa wa thelathini na moja. Aliyeuandika ukurasa huo ni mimi. Chuma chake hakishiki kutu, kwa hiyo inafaa pia kwenye kiwanda cha kurutubisha urani ya mabomu ya nyuklia.

Usinione katili, dada. Serikali yenu imelipua bomu la tatu la majaribio. Serikali za huku zilizungumza nayo miaka minne, zikaambulia picha za watu wakipeana mikono. Vilibaki vikwazo au vita, na mimi niliona heri vikwazo.

Kuna kibali cha dharura, lakini hutolewa kwa mgonjwa mmoja, kwa jina lake. Nimeomba kwa jina la mama. Hospitali ijaze fomu hii. Njia za panya sizitaki: pampu ikikamatwa, hakuna hospitali ya kwenu itakayopewa kitu tena.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari za kazi? Unakula vizuri? Fomu hiyo, mhuri wa mganga mkuu upo. Mama anapumzika, hana maumivu. Usijilaumu.

Ila nikujibu. Unasema vikwazo au vita kama mtu anayechagua shati. Mazungumzo yenu yalivunjika, sawa, lakini miaka ile minne pampu tulipata. Hao mnaotaka kuwabana hawalazwi wodini kwangu. Mimi ni muuguzi, ya mabomu siyajui. Nasema tu mngeweza kubana huko mnakobana na bado mkauacha mlango wa hospitali wazi.

Fanya haraka. Wagonjwa sasa ni kumi na mmoja.

Dada yako

2 Agosti

Dada, shikamoo. Natumaini wote hamjambo.

Kibali kimetoka! Nimelia mbele ya bosi, mtu mzima mimi. Fundi wa shirika la misaada ataileta pampu na kuifunga mwenyewe. Sharti ni kwamba kila miezi mitatu ofisi itaniuliza mimi, ndugu wa mgonjwa, kama bado yu hai. Akifariki, pampu inang'olewa na kurudishwa. Sharti hilo nililipendekeza mwenyewe miaka ile, ili watu wasiwageuze wagonjwa kichaka cha kujifichia.

Mbona barua yako haikuwa na hata neno moja kutoka kwa mama? Yeye hakosi la kunisema. Mwambie nakuja siku watakapofungua mpaka.

Mdogo wako

28 Agosti, kwa mkono wa fundi

Mdogo wangu,

Hii haipiti posta. Kaa chini kwanza.

Mama alifariki tarehe ishirini na saba Aprili, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Alikuita mara mbili. Fomu yako ilifika siku tano baadaye. Nikaikalia wiki nzima, kisha nikaandika jina lake kama mtu aliye hai.

Nimekunyima msiba wako. Umekula, umecheka, hujui kuwa huna mama, na hilo litanitesa hadi naingia kaburini. Lakini walikuwapo wale kumi na mmoja. Mmoja ni mwalimu wa chekechea, ana miaka ishirini na mitatu. Leo wamebaki tisa, na pampu inafanya kazi tangu jana.

Najua wewe hujawahi kudanganya kwenye karatasi. Ukiwaambia ofisini, sitakulaumu.

Dada yako

3 Novemba

Dada, shikamoo.

Natumaini u mzima, na wagonjwa wako pia. Mimi nimekonda kidogo, si kitu. Barua yako ya mwisho kunifikia ni ile ya Mei. Fundi alinikabidhi mkononi taarifa kwamba pampu inakwenda vizuri; niliisoma nikiwa nimekaa chini.

Jana ofisi iliniuliza kama mgonjwa yu hai. Nimeandika ndiyo, nikatia sahihi. Wataniuliza tena Februari.

Mama anaendeleaje? Mwambie namwomba radhi kwa kuchelewa. Na wewe usiache kuniandikia habari zake, dada. Andika kila kitu: ameamkaje, amekula nini, amesema nini juu yangu. Ofisi inataka kujua, na mimi pia.

Mdogo wako