Nilicheka Edani, Nikamsingizia Mke Mwenzangu

Mpendwa Mshauri,

Assalaam aleikum. Kabla ya kuomba msaada naomba radhi, kwa kuwa miaka kumi na moja iliyopita nilikuandikia nikilalamika kwamba mume wangu ameoa mke wa pili, nawe ukanijibu kwamba niende mlangoni kwa huyo mwanamke, nimsalimu, kisha nikuarifu yaliyotokea. Sikwenda, sikumsalimu, na kwa aibu ya kutokwenda sikukuandikia tena hadi leo.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu hapa Msambweni, na waliopita mikononi mwangu wanajua kwamba sikuvumilia mchezo saa ya kazi wala uongo saa yoyote, na siku moja nilichoma mbele ya gwaride bao la drafti ambalo wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wamelichora juu ya kadibodi, na vifuniko vyao vya soda nikavitumbukiza chooni kwa mkono wangu.

Mume wetu Abdulaziz alifariki miezi minne iliyopita, Mungu amrehemu. Mimi na mke mwenzangu, Biasha, tulikuwa tukiishi ua mmoja, milango miwili, na katika miaka yote hiyo nilichokijua kwake ni harufu ya mapishi yake na kikohozi chake. Msiba ulipotufika, wifi yetu Maimuna, dada wa marehemu, aliona ni usumbufu wageni wa kutoa pole kuingia vyumba viwili, basi akatuweka eda katika chumba kimoja, vitanda viwili na mkeka mmoja katikati, akatufungia mlango wa uani.

Wiki mbili tulikaa kama mawe. Wiki ya tatu Biasha alivuta kutoka uvunguni bao la marehemu, lile alilokuwa akilichezea barazani na wenzake kila alasiri huku sisi tukipeleka kahawa, akaanza kulipangusa.

Nikamwambia, "Lirudishe. Tumo edani."

"Napangusa vumbi tu, Mwalimu."

"Kupangusa vumbi hakuhitaji kete."

"Basi nazihesabu. Wewe si mwalimu? Njoo uhakikishe kama ziko sitini na nne."

Zilikuwa sitini na tatu. Tulihesabu mara tatu, tukapekua chumba kizima, mwishowe tukaikuta moja ndani ya mfuko wa kanzu ya marehemu iliyokuwa bado imetundikwa nyuma ya mlango, na Biasha akaishika ile mbegu, akaitazama, akasema, "Kumbe ndiyo maana mzee wetu alikuwa hafungwi!" Nilitaka kumkemea, nikashindwa, nikalia, naye akalia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tulipomlilia mume wetu pamoja.

Baada ya hapo alinifundisha bao. Biasha ni mtu wa Wasini, na baba yake hakupata mtoto wa kiume, basi alimfundisha yeye. Mshauri, mimi niliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne nilifungwa kila siku, nikisikia maneno ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuthubutu kuniambia. "Mwalimu, mbegu hiyo unaicheza au unangoja ichipuke?" "Mwalimu, umekosea, nenda ukapige magoti nje." Nami nilikuwa nangoja kwa hamu wageni waondoke, tuswali adhuhuri, tuketi mkekani, na hapa ndipo aibu yangu ya kwanza ilipo, kwamba siku za kumlilia mume wangu zimegeuka siku nilizozifurahia kuliko nyingi nilizoishi naye.

Aibu ya pili ni kubwa zaidi. Wiki iliyopita nilimfunga Biasha kwa mara ya kwanza, mstari wake wa mbele ukabaki mtupu, hata kete moja haimo, na kicheko kikanitoka ambacho sikukijua kuwa kimo ndani yangu, cha kupiga paja na kutoa machozi, na papo hapo mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia Maimuna na chombo cha uji, na wanawake wawili nyuma yake.

"Nani huyo anayecheka nyumba ya msiba?"

Biasha alikuwa bado ana kete mkononi. Mimi nilikuwa nimeshainyakua tasbihi. Nikasema, "Ni huyu. Nimemkanya siku nyingi, hasikii."

Nilisema hivyo, Mshauri, kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia gwarideni. Biasha alinitazama mara moja tu, kisha akazimimina kete baoni polepole, akasema, "Nisamehe, wifi. Ni mimi."

Sasa Maimuna amekwisha kutangaza kwamba siku ya kutoka eda, wanawake wa ukoo watakuja kuniogesha na kunivisha mimi peke yangu, na kwamba Biasha atachukuliwa na kaka yake, Swabir, kwa mlango wa nyuma arudishwe Wasini, kwa sababu mke asiyemlilia mume hana haki ya kukaa katika ua wake. Msambweni nzima inasema mke mdogo wa Abdulaziz alicheza bao kaburi likiwa bichi. Biasha hajanilaumu. Bao amelirudisha uvunguni, na tumerudi kuwa mawe, isipokuwa sasa jiwe moja linajua lilichofanya.

Zimebaki siku tisa. Nikisema kweli, jina nililolijenga tangu ujana litaanguka mbele ya watu niliowafundisha mimi na mama zao. Nikinyamaza, atakwenda. Nishauri, nami naahidi kwamba safari hii sitakaa kimya. Nitakuandikia mara nitakapoamua.

Mwalimu mstaafu, Msambweni

*

Mwalimu, wa aleikumu salaam. Pole kwa msiba. Majina yote nimeyabadilisha, na jibu hili nimekutumia kwanza kwa simu, maana siku zako tisa hazitalingoja gazeti.

Umeniletea aibu mbili, nami moja nakurudishia. Kucheka si kumsahau maiti. Kama umeingiwa na shaka juu ya bao na eda, mwulize sheikh aliye karibu nawe, wala usimwulize wifi yako wala mimi. Lakini kwamba wajane wawili walipata la kusemezana baada ya miaka kumi na moja, hilo usilitubie. Ungekwenda mlangoni kwake nilipokwambia, ungejua bao mapema, na pengine marehemu angepata mtu wa kumfunga.

Aibu ya pili ni yako, uibebe. Unaniambia unalihofia jina lako. Jina gani? La mwalimu asiyevumilia uongo? Hilo ulilivunja mwenyewe, mbele ya mashahidi watatu, na tasbihi mkononi. Kinachosimama sasa hivi Msambweni ni jina la uongo, na Biasha ndiye anayelitegemeza kwa mgongo wake. Wale wanafunzi wa kadibodi walisema kweli ulipowauliza, sivyo? Nawe uliwaadhibu hata hivyo. Mwenzio amekubali adhabu isiyo yake ili wewe usiaibike. Sijui kama ungemfanyia hivyo. Wewe unajua.

Basi fanya haya. Leo, kabla ya alasiri, mwombe Biasha radhi. Usimweleze jinsi ulivyoshtuka, usimwambie ulikuwa umechoka. Mwambie, "Nilikusingizia." Asipojibu, kaa kimya, ana haki ya kutojibu, na wewe huna haki ya kumharakisha.

Kisha mwite Maimuna, na wale wanawake wawili waliokuwa naye, hao hao. Eda inakuzuia kutoka, haizuii watu kuingia. Liweke bao mkekani mbele yao, Biasha awepo, useme, "Aliyecheka ni mimi. Aliyesema uongo ni mimi." Ukisikia ulimi wako unataka kuongeza "lakini", ufunge. Waombe wakaseme nje kwa sauti ileile waliyolitangazia lile la kwanza.

Na siku ya kutoka eda, maji yasikuguse mpaka Biasha awe ameketi kando yako. Wakikataa, kaeni wote wawili na nguo zenu za eda mpaka wachoke wao. Haki yake katika ua ule hakupewa na wifi, wala wifi hawezi kumnyang'anya. Maimuna akishikilia, mwiteni kadhi, nawe uwe shahidi wa kwanza wa mwenzio.

Usitegemee kwamba kesho yake atalivuta bao uvunguni. Livute wewe. Lipanguse, hesabu kete, uone kama ziko sitini na nne, ungoje.

Jambo la mwisho. Umeniahidi kwamba utaniandikia ukishaamua. Ahadi hiyo siitaki. Miaka kumi na moja iliyopita uliamua pia, nina hakika, huenda kila asubuhi. Niandikie ukishasema. Siku ya kumi isipoleta barua, nitajua kwamba Biasha ametoka kwa mlango wa nyuma, nawe umebaki chumbani na vitanda viwili.