Harufu Niliyoamuru Ioshwe

Kitale, Jumatatu. Ukungu wa Mlima Elgon umeshuka hadi uani, nami nimeketi na swali ambalo sikulitarajia katika umri wangu: mnyama huitambuaje nyumba yake?

Leo kituo chetu cha wanyama waliookolewa kimekaguliwa. Tunatafuta cheti cha ithibati, na tukikikosa, Mahindi atahamishwa. Mahindi ni mondo, paka wa mwituni mwenye madoa na masikio makubwa. Aliokotwa akiwa mchanga katika shamba la mahindi wakati wa mavuno, mguu mmoja umekatwa na panga. Porini hawezi kurudi. Nafula, mlezi wake, ndiye aliyemlea kwa chupa ya maziwa.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati. Nilikuwa mwalimu mkuu Kimilili kwa miaka mingi, na mwalimu mkuu anajua namna ya kumpokea mkaguzi. Jumamosi niliamuru mawe ya njiani yapakwe chokaa, nyasi zifyekwe, na banda la Mahindi lisuguliwe kwa sabuni na dawa, kuta hadi magogo.

"Mwalimu, hii si choo ya shule, bana," Nafula aliniambia. "Atajuaje ni kwake?"

Sikumsikiliza.

Asubuhi hii mkaguzi, daktari wa wanyama kutoka Bungoma, hakuyatazama mawe yangu hata kidogo. Aliomba kiti, akakaa akimtazama Mahindi akienda na kurudi kando ya ua, hatua zile zile, nyama ya jana ikiwa haijaguswa. Kisha akauliza banda lilioshwa lini. Alinieleza kwa upole kwamba mondo huyawekea magogo yake alama kwa mashavu na kwa mkojo, na kwamba viwango vinataka sehemu ya harufu hiyo iachwe kila usafi unapofanyika.

Viwango hivyo viko mezani kwangu tangu Januari. Nilisoma ukurasa wa usafi tu, nikaridhika.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya maelezo ya uongozi. Niliandika kwa mkono wangu: niliamuru mimi, mlezi alipinga.

Nafula alisoma begani mwangu, akaondoka, akarudi na gunia kuukuu lenye uvundo wa kutoa machozi. Lilikuwa la kulalia la Mahindi; alikuwa amelitoa bandani na kulificha stoo siku ile ya Jumamosi.

"Hii nilikunyima, Mwalimu. Unisamehe tu."

Mahindi alilinusa kwa muda mrefu, akasugua shavu lake hapo, akalala juu yake. Nyama hakuigusa.

Daktari atarudi Alhamisi. Akimkuta anakula, tutazungumza habari za cheti.

Nimemkabidhi Nafula ufunguo wa stoo ya sabuni. Kesho asubuhi nitakwenda na kiti changu mwenyewe, nikae mbali na ua, nitazame. Je, Mahindi alisoma nini katika gunia lile?