Kutoka Kiabakari kwa Magurudumu ya Mbele

Jumamosi jioni, Nyasho, Musoma. Mawingu yamesimama juu ya ziwa tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Nimeoga mara mbili na mikono bado inanuka oili ya difu ya gari. Lakini si oili inayonitia kinyaa.

Niandike kwa mpangilio, maana nikiwa na hasira huwa naruka mambo.

Leo nilimpeleka Dada Nyangeta Bunda kuhani msiba. Yeye ana miaka themanini na mmoja, mimi sabini na mbili, na bado ananiita "mura", yaani kijana, kana kwamba nachunga ndama. Mwaka jana nilirudi Mara baada ya kumzika mke wangu Sumbawanga, na baada ya miaka arobaini na mitatu ya kupima ardhi za watu wengine. Wenzangu wa utotoni pale Mwisenge wamekufa au wamenisahau. Dada alitoka Butiama kuja kunitazama wiki mbili, akabaki. Sasa ni miezi minane. Vitabu vyangu vingi viko kwenye maboksi bado, lakini asubuhi nikimsikia akifagia uani najua kwa nini nimerudi.

Wakati wa kurudi, tulipoipita Kiabakari, nikasikia mlio chini ya gari kama mfupa mkubwa unaovunjwa. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likazidi kupunguza mwendo hadi likasimama. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikaliacha kwenye gia injini ikiwaka, nikachungulia. Propela, ule mhimili mrefu wa kwenda nyuma, inazunguka, gurudumu la nyuma kulia limetulia tuli. Ekseli imekatika.

Kwa gari la kawaida safari ingeishia hapo. Langu ni kuukuu, lakini ukitaka huvutwa na magurudumu yote manne, kwa hiyo ya mbele yalikuwa yamebaki. Niliwahi kulifanya hili porini Rukwa nikiwa na nusu ya umri huu. Unafungua propela ya nyuma, unachomoa ekseli, unaziba tundu ili vumbi lisiingie kwenye beringi, unafunga hubu ili magurudumu ya mbele yavute, unakwenda polepole. Dada alikaa juu ya khanga kwenye kivuli cha gari akinipa spana kwa kukisia. Alipatia mbili kati ya kumi, akajisifu.

Kisha ekseli ikatoka, nikaona.

Chuma kikikatika chenyewe huacha uso wa chembechembe za kijivu. Hiki kilikuwa na pete ya kuchomelea iliyokizunguka, imesagwa ikawa laini na kupakwa rangi nyeusi. Ekseli yangu haikuwahi kuchomelewa. Miezi miwili iliyopita nilimwachia gari Magesa, mtoto wa Dada, fundi pale Butiama, abadilishe sili iliyovuja oili tu.

Nilichuchumaa pale barabarani nikakigeuza mkononi: ekseli yangu ilikuwa imebadilishwa.

Nikakifunika kile kipande kwa tambara ili Dada asikione, kama vile mwizi ni mimi.

Lakini alikuwa ameshampigia mwanawe simu. Magesa alifika kwa pikipiki baada ya muda mfupi, na niandike kwa haki kwamba alimletea mama yake soda ya baridi. Tambara alilifunua mwenyewe. Hakushtuka.

"Mjomba, ile yako ilikuwa inalala tu," alisema. "Safari zako ni kanisani na sokoni. Nilikuwa na gari la mteja la kwenda Mugumu, nikaichukua kwanza, yako nikakuwekea hii."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Kwani kwetu mpwa huwa anaombaga ruhusa kwa mjomba?"

Akacheka. Dada naye akacheka.

Kwa wasiotoka huku: mpwa akiingia uani kwa mjomba wake akakamata jogoo, haitwi mwizi. Mjomba hupiga kelele za uongo, watu hucheka, jogoo huliwa. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Mjomba wangu wa Majita alinikimbiza hadi katikati ya mihogo huku kicheko kikimshinda. Ni mila tamu. Huko Rukwa niliwasimulia watu mara nyingi, nikijivuna kwamba kwetu udugu uko hivyo. Leo nimeona mtu akiitumia kuweka chuma kibovu chini ya kiti cha mama yake mzazi.

"Jogoo akichukuliwa hakuna anayekufa, Magesa," nilimwambia. "Mama yako alikuwa ndani."

Aliokota spana akaifuta kwa tambara. Nikamuuliza kama kuna magari mengine aliyoyafungia chuma cha kuchomelea.

"Mawili tu, mjomba. Yanatembea vizuri." Moja ni la mwalimu. Jingine hubeba watu kwenda mnadani.

Hao si wajomba zake.

Hapo Dada akaacha kucheka. Aliongea akiitazama barabara, si mimi.

"Mura. Mkeo alitolewa mahari kwa ng'ombe nilizoolewa mimi. Yule mwanamume aliyezileta nilimkataa siku tatu, baba akanipiga, nikaenda. Ulipoletewa Roza hukuuliza ng'ombe zimetokaga wapi. Leo mwanangu ni mwizi kwa kipande cha chuma?"

Neno mwizi sikuwa nimelitamka. Na yote aliyosema ni kweli. Niliishi na Roza miaka arobaini na tisa, tukaishi vizuri, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza Dada yeye anaishi vipi.

Magesa alinisaidia kufunga hubu. Akaniambia nisizidi thelathini na nisikanyage mafuta kwenye kona. Ushauri sahihi kabisa. Ana mikono ya fundi wa kweli, na hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote: alijua hasa alichokuwa anafanya.

Tukaondoka, gari likijikokota kwa pua, usukani mzito kama wa trekta. Mabasi yalitupita yakitupigia honi. Pale Makutano tukakata kushoto kuelekea Musoma. Nikamwambia Dada kwamba suala la ekseli yangu limekwisha, Magesa abaki nayo, lakini wenye yale magari mawili lazima waambiwe. Alijibu mara moja tu. Nikimharibia mwanawe jina, hatalala tena nyumbani kwangu.

Tulifika saa kumi na moja na nusu. Alipitiliza chumbani, akakunja nguo zake zote, akaja kukaa sebuleni. Kesho baada ya misa anapanda basi la Butiama.

Nikiwa bafuni nilijikuta natunga maneno ya kumwomba radhi. Mimi niliyeibiwa. Na maneno yalikuwa yanakuja kwa urahisi, mazuri, yamepangika kama barua. Ningemwambia nimekosea, gari ni lake na mwanawe, chuma ni chuma. Angebaki. Na siku moja watu wanaotoka mnadani wangelala mtaroni.

Nilijionea kinyaa kuliko nilivyomwonea Magesa.

Dakika kumi zilizopita nimempigia simu. Nimempa hadi Jumatatu mchana awaambie wateja wake kwa mdomo wake mwenyewe na kuwarudishia vyuma vizima. Ikipita hapo nitakwenda mimi. Hakubisha, hakukubali, alisema tu "nimesikia, mjomba." Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Sikupaza sauti ili Dada asikie, wala sikuishusha ili asisikie.

Dada yuko palepale na nguo zake. Taa hajawasha.

Kesho nitambebea mzigo wake hadi stendi, kama atakubali niubebe.