Maelezo ya Mama Cherehani Kuhusu Mguu wa Bata

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Shambulio la kuumiza mwili, katika ua wa nyumba ya kupanga ya vyumba sita
Jina la shahidi: Limeandikwa kwenye jalada. Mtaani huitwa Mama Cherehani
Umri: Miaka 58
Kazi: Fundi wa kushona nguo
Makazi: Chumba namba mbili, nyumba hiyohiyo
Yameandikwa: Kituoni, Ijumaa tarehe 27, kuanzia saa mbili na robo asubuhi

Mimi ni fundi wa kushona kwa miaka thelathini na mmoja. Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Kabla ya kuanza nimemwomba afande anisomee kila ukurasa akimaliza kuuandika, maana wapo watu unawaambia hili wao wanaandika lile. Amekubali, ingawa amenitazama vibaya.

Mtuhumiwa aliyeko mahabusu ni mwanangu wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma, umri miaka 33. Tunaishi naye pamoja na binti yake wa miaka minane. Aliyeumizwa ni jirani yetu wa chumba namba tano, mzee aliyestaafu kazi ya kutunza stoo. Uani tunamwita Mzee Kufuli, kwa sababu hufunga kwa kufuli hata pipa lake la maji. Mtu anayefungia maji mimi namtilia shaka, na sijawahi kuficha hilo.

Mnamo tarehe 28 ya mwezi uliopita mwanangu alimletea mtoto wake vifaranga watatu wa bata, wa siku chache tu. Tarehe 1 ya mwezi huu, saa kumi jioni, wawili hawakuonekana. Mzee Kufuli alisema wamechukuliwa na mwewe, kamwona kwa macho yake. Nikamuuliza mwewe huyo alipitia wapi, na ua wote umetandwa kamba za kuanikia nguo. Akasema, "Mama, mwewe haombi njia." Sikumwamini. Nilijiambia kikulacho ki nguoni mwako.

Kifaranga aliyebaki mjukuu wangu alimpa jina la Mheshimiwa, kwa jinsi anavyotembea kifua mbele kama anakwenda kuhutubia. Afande ameuliza kama hilo liandikwe. Nimesema liandikwe.

Tarehe 2, Jumatatu, saa moja asubuhi, nilimtia Mheshimiwa alama. Wafugaji wengine hufunga kitambaa mguuni. Mimi niliona kitambaa mwizi atakifungua, na alama inayoonekana mwizi ataiona. Nikachukua uzi wa nailoni, ule wa kushonea mikanda ya mabegi, nikamfunga mguu wa kushoto, juu kabisa, ndani ya manyoya. Nilipiga fundo mara tatu, nikazichoma ncha kwa kiberiti zishikane, kama tunavyofanya kwenye begi ili uzi usifumuke. Sikumwambia mtu, hata mjukuu wangu. Nilitaka siku Mzee Kufuli akisema bata ni wake, nifunue manyoya mbele ya watu aumbuke. Baada ya hapo ziliingia sare za shule, mashati mia moja na arobaini, na uzi ule nikausahau.

Tarehe 17, Jumanne, mchana, Mheshimiwa aliingia kwenye miche ya nyanya ya Mzee Kufuli akaichakura yote. Mzee alisimama na jembe mkononi akasema, "Mama Cherehani, bata wako huyu, ipo siku." Nikauliza ipo siku ya nini. Akaenda kupanda mingine. Maneno yale niliyaweka akiba.

Tarehe 23, Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia. Akasema, "Bata wenu anachechemea. Mtazame mguu." Nikamwambia mguu wa bata wangu unamhusu nini, nikarudisha pazia. Niliketi kwenye cherehani nikijiuliza amejuaje kabla yangu mimi ninayemlisha. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi niliyaona mawingu yote kwenye chumba namba tano.

Kesho yake, saa moja asubuhi, nilimkuta bombani amemshika Mheshimiwa kwa mikono miwili, anammwagia maji mguuni. Nikampokonya. Akasema, "Sikiliza kwanza, mama." Sikusikiliza. Nilimwambia kwa sauti, na majirani walisikia, kwamba mtu mzima anayeshindana na bata hana haya. Jioni ile nilimwambia mjukuu wangu kwamba Mzee Kufuli ndiye aliyempiga Mheshimiwa kwa jembe. Akaniuliza, "Bibi, kwani Mheshimiwa alimkosea nini?" Nikamwambia watu wengine wana roho mbaya.

Jumatano tarehe 25 Mheshimiwa alishindwa kusimama. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye utando wa vidole, na umeanza kuwa mweusi. Niliuosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nilikata gamba la boksi la vifungo nikalifanya gango la kuunyoosha mguu, nikalizungushia kitambaa cha bitana, laini, kuanzia chini ya goti. Juu sikufika, kwa kuwa mguu uliopigwa jembe huvunjika chini. Nilimlaza kwenye boksi karibu na cherehani, mjukuu wangu akimpa maji kwa kijiko. Alikuwa akilia kwa sauti ndogo kila nilipokanyaga pedali, nikaacha kazi.

Jana, Alhamisi tarehe 26, saa tatu asubuhi, nilimpeleka kwenye kliniki ya mifugo iliyo nyuma ya soko. Nilimbeba ndani ya kikapu, nimemfunika. Pale palikuwa na mtu na mbwa wake na mama mmoja na mbuzi. Yule wa mbwa aliuliza, "Bata naye anatibiwa?" Nikamwambia aangalie mbwa wake. Daktari ni dada wa makamo, mwenye haraka. Alitaka kumpeleka Mheshimiwa chumba cha ndani nikakataa, nikaingia naye. Siachi mali yangu mikononi mwa mtu nisiyemjua.

Saa nne na dakika ishirini, naikumbuka kwa sababu saa ilikuwa ukutani juu ya meza yake, daktari alifungua gango langu akalisifu. Kisha akapapasa kwenda juu, akafunua manyoya. Alichukua koleo ndogo na mkasi mwembamba, akaniambia nimshike bata kichwa. Uzi ulikuwa umezama ndani ya nyama. Bata hukua haraka, afande. Nilimfunga mguu mwembamba kama njiti ya kiberiti, na ndani ya wiki tatu mguu ukawa mguu, uzi ukabaki uleule. Nailoni hailegei. Ndiyo sifa yake, ndiyo maana tunaitumia.

Daktari alisema, "Hakuna mfupa uliovunjika. Hajapigwa huyu. Ni uzi umekata damu isishuke." Alisafisha kidonda, akapaka dawa, akamchoma sindano. Akasema nimrudishe Jumapili. Huenda mguu ukapona, huenda akapoteza vidole, huenda ukakatwa. Halafu akaniuliza, "Nani alimfunga?" Nikasema, "Watoto tu, daktari. Michezo yao." Akatikisa kichwa, akasema mngemwahi siku tatu nyuma ingekuwa kazi ndogo. Siku tatu nyuma ndiyo siku ile Mzee Kufuli aliposimama mlangoni kwangu.

Nataka iandikwe wazi kwamba kuanzia saa nne na nusu asubuhi ya jana mimi nilikuwa najua. Sikuwa na shaka tena. Njiani nilipanga nitakavyosema nyumbani, nikapanga upya, na kila nilivyopanga aibu ilinirudia mimi. Nilimtukana mtu mzima mbele ya majirani. Mjukuu wangu angejua kwamba aliyemuumiza Mheshimiwa ni bibi yake. Nikaamua nitasema kesho, yaani leo.

Saa saba kamili mchana mwanangu alirudi kula. Mjukuu wangu alikuwa bado shuleni. Aliniuliza, "Mama, daktari kasemaje?" Nikasema huenda mguu ukakatwa. Akasimama. Akauliza, "Nani kafanya?" Sikutaja jina, na jana usiku mzima nimejishika na hilo, kwamba sikutaja jina. Lakini nilitazama mlango wa chumba namba tano, na mwanangu ananijua ninavyotazama.

Alitoka. Nikamfuata mpaka kizingitini. Mzee Kufuli alikuwa akimwagilia miche yake karibu na bomba, kopo mkononi. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta, hatua kama nane kutoka aliposimama. Nasema hivyo kwa sababu mdogo wangu alikuja jana jioni akanishauri nieleze kwamba mzee ndiye aliyeanza, alimjia mwanangu na jembe. Mdogo wangu ananipenda na anampenda mwanangu. Lakini jembe halikuguswa.

Mwanangu alisema, "Mzee, umemvunja bata wa mtoto wangu mguu." Mzee akaweka kopo chini. Akasema, "Mwanangu, sijamgusa kwa ubaya. Nilipomwosha niliona uzi umemkaba mguu. Nilitaka kuukata, mama yako akaninyang'anya. Kamuulize, yupo hapo."

Mwanangu akageuka kunitazama. Alikuwa ametulia. Huyu si mtu wa ngumi, afande, hata utotoni alikuwa anapigwa anakuja kusema. Akaniuliza, "Mama, ni kweli kulikuwa na uzi?"

Nilikuwa nimesimama kama hatua tano kutoka kwao. Hakuna kelele iliyonizuia kusikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja na mambo yangeishia pale, mzee angerudi kwenye nyanya zake na mwanangu kwenye chakula chake. Nikasema, "Mwongo huyo."

Hapo ndipo mwanangu alipomsukuma, kwa mikono yote miwili, mara moja. Mzee alianguka kinyumenyume kwenye ukingo wa saruji wa bomba, akalalia upande wa kulia. Nilisikia mfupa. Mwanangu alipiga magoti hapohapo akaanza kumwita, "Mzee, mzee wangu," na ndiye aliyemweka kichwa mapajani mpaka gari lilipokuja. Hakukimbia. Mimi ndiye niliyerudi ndani. Nilikaa kwenye cherehani, nikasikia watu wakiniita, sikutoka.

Mchana huohuo polisi walimchukua mwanangu. Nimeambiwa mzee amevunjika nyonga, na kwa umri wake hawajui kama atatembea. Hana mtu. Katika miaka sita ya kuishi naye ua mmoja sijawahi kuona mgeni mlangoni kwake, na hilo pia nililitilia shaka, nikisema lazima kuna alilowafanyia ndugu zake.

Jana jioni mjukuu wangu aliniuliza baba yake yuko wapi. Nikamwambia. Akasema, "Ni sawa, bibi, maana yule mzee ndiye alimpiga Mheshimiwa." Alisema kwa raha, kwa maneno yangu mimi. Sikulala. Leo asubuhi kabla hajaenda shule nilimweka chini nikamwambia ukweli wote. Akamchukua bata wake na boksi lake akaenda kumlaza upande wa kitanda cha baba yake. Hakuniaga.

Mwanangu alimsukuma mzee, hilo nililiona na silikatai. Lakini alimsukuma kwa neno langu, na neno langu lilikuwa la uongo, na nilijua ni la uongo wakati nalisema. Kama kuna sheria inayomshika mtu wa namna hiyo, mimi nipo, sina pa kukimbilia. Hapa ndipo mwisho wa niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasema bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu, nimesomewa, na ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa mwandishi: Nimeandika maelezo haya mimi mwenyewe na kumsomea shahidi ukurasa kwa ukurasa kama alivyotaka. Tulipofika kwenye maneno "Mwongo huyo" nilimweleza kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, na kwamba ana haki ya kusahihisha. Akasema hapana cha kusahihisha. Mwisho aliomba kumwona mtuhumiwa. Nilikwenda mahabusu kumweleza mtuhumiwa kwamba mama yake yupo mapokezi, na ameeleza habari ya uzi. Mtuhumiwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe, alijibu: "Mwambie aende hospitali kwanza. Yule mzee hana wa kumpelekea hata maji." Nimemfikishia shahidi jibu hilo neno kwa neno. Aliuliza wodi ni namba ngapi. Ameondoka kituoni saa nne kasorobo asubuhi.