Ngoma Iliyo Chini ya Kitanda Changu

Mjukuu wangu mkaidi,

Miaka tisa hujakanyaga kwangu, kisha habari zako nazipata kwenye mabango! Nasomewa, maana shule sikuiona. Hata barua hii ananiandikia fundi cherehani wa jirani. Anasema bendi yenu ya panki, ule muziki wa makelele, inarudi Jumamosi, na nyimbo zilezile za kuwachamba wakubwa. Nilifurahi hadi nikaifuta vumbi ngoma yako.

Jana akaja mwanamume mpole, akavua viatu mlangoni. Akaimba wimbo wenu mzima, neno kwa neno. Nikadhani ni shabiki, nikampa chai, na mdomo wangu huu ukamwambia hukosi kuja kuifuata ngoma yako Ijumaa, kabla ya onyesho. Alipoinuka akauliza, "Bibi, kile kidole chake cha mwisho kilipona?"

Kidole hicho nilikufunga mimi mwenyewe siku polisi walipokuachia kutoka rumande kwa ajili ya nyimbo hizo, na hatukumwambia mtu. Anayekijua ni aliyekivunja.

Sisemi msiimbe. Ila ngoma kaazime kwingine, na Ijumaa usije. Siku ukija, pitia uani, wala usigonge mlango kwa ule mdundo wako. Yule bwana aliupiga mdundo huo akitoka, bila kukosea. Niite "we kizee" kama zamani, ndipo nitafungua.

Bibi yako, nakupenda hadi nakasirika.