Msaidizi wa Asubuhi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao, na kwamba kile kikohozi sasa kinakuacha ulale. Sisi tunapumua. Usiulaumu mwandiko huu. Kila nikiandika mistari miwili nainuka kuchungulia jikoni.

Uliniuliza yule muuguzi wa wazee aliamua nini. Alikuja kunipima mimi, maana mimi ndiye niliyeanguka bafuni nikaumia mguu. Akanitembeza sebuleni, akanikalisha, akaniinua, akauliza nani ananisaidia kuoga. Mume wangu, shemeji yako, akajibu yote yeye, kifua mbele: anapika, anafua, na dawa zangu anazijua hata akifumba macho. Si unamjua huyu fundi cherehani kwa maneno! Muuguzi akacheka, akamwomba basi atuchemshie chai.

Akaenda. Nami, kama kawaida yangu, nikaanza kupiga soga kwa sauti kutoka kitini: maji yamo kwenye ndoo ya bluu, kiberiti kiko juu ya kabati, ukifungua gesi washa hapo hapo. Muuguzi akaniwekea mkono begani.

“Mama, naomba unyamaze kidogo.”

Nikanyamaza. Jikoni nako kukawa kimya. Tulipomfuata tulimkuta amekumbatia birika tupu, gesi inanuka nyumba nzima, naye akatuuliza kwa adabu kama tumeleta nguo za kushona.

Hapo ndipo nilipolia. Muda wote huu mimi ndiye ninayemkumbukia kila kitu, na sikumwambia mtu, hata wewe.

Ikapangwa msaidizi awe anakuja kila asubuhi. Lo, shemeji yako alivyokuja juu! Yeye si mtoto mchanga wa kulindwa, na muuguzi achukue makaratasi yake aende. Nikamwambia kwamba msaidizi ni wa mguu wangu. Akatulia papo hapo, akasema kama ni kwa ajili yangu, hata wawili waje.

Sasa nakufungulia moyo, na watoto wasijue. Mguu wangu umeshapona. Nachechemea makusudi, ili msaidizi asifukuzwe. Jana nikasikia kishindo jikoni, nikajisahau, nikatoka mbio. Nikamkuta amesimama salama, birika sakafuni, macho yake kwenye miguu yangu. Mara mlango ukagongwa. Akaniinamia sikioni, akaninong'oneza:

“Chechemea, mke wangu. Msaidizi kafika.”

Tangu hapo situlii. Sijui amejua tangu lini, wala sithubutu kumuuliza, kwani leo asubuhi hata jina langu hakulijua. Nakaa nimemkodolea macho, nikingoja arudi tena, hata kwa neno moja.

Njoo, mdogo wangu, japo kwa siku chache. Ukinikuta nachechemea, usicheke. Nishike mkono tu.

Nisalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba ya mama yao mkubwa.

Ni mimi,
Dada yako